Dakika Tano za Maji

...na kama itageuka ya waridi tena, hata kidogo, hata ile waridi ya kusingizia macho, nitamwambia nini, mzee amekaa pale sebuleni na ndoo katikati ya miguu, ametembea tangu maporomokoni hadi huku mtaa wa Tshopo na ndoo hiyo kichwani, imefunikwa jani la mgomba, ndani samaki watatu wadogo kama kidole changu cha mwisho, na mimi mwanawe nimesimama kwenye dirisha la jikoni nimeinua kichupa cha maji kama daktari, matone matano ya dawa ya kwanza, matano ya dawa ya pili, tikisa, ngoja dakika tano, ndivyo Wenceslas alivyoniandikia kwenye karatasi, yeye ni assistant pale kitivo cha sayansi, mtu wa vitabu, mimi ni wa kuosha vioo vyake na kulisha panya wake, lakini aquarium, hiki kioo cha kufugia samaki, ni yangu, vioo vitano vya dirisha na masitiki ya kuvigandisha, lita thelathini, nimeijenga kwa mikono hii, na leo siku ya thelathini na nane haina samaki hata mmoja, majirani wanachungulia, wanaona maji na mawe na sponji, wananitazama kwa huruma, mmoja aliniuliza kama samaki wangu wana aibu... bado haina rangi, lakini ni mapema, dakika ya kwanza haijaisha, acha kutikisa, Félicien, imeandikwa utikise mara moja tu. Félicien, ndivyo alivyoita mlangoni asubuhi hii, jina ambalo kwenye kitambulisho changu halipo tangu tulipoambiwa tuache majina ya wazungu, yeye hajaliacha, anasema alililipia mbuzi siku ya ubatizo, akaita mara mbili, nikadhani naota, miezi saba hajakanyaga hapa, tangu Pasaka, tangu wale wa kwanza. Wale wa kwanza, Mungu wangu, walikuwa wanne, nami nilidhani nawatunza, kila asubuhi kabla ya kazi nilimwaga maji yote, nikasugua mawe kwa burashi, nikakamua sponji chini ya bomba mpaka ikawa kama imetoka dukani, kwa sababu mimi ni mtoto wa maporomoko, kwetu maji yakilala yamekufa, mama alikuwa akimwaga maji ya jana hata kama mtungi umejaa, maji mazuri ni yale yanayopita kwa kelele, nani angeniambia kwamba samaki wa kwenye kioo anataka maji yaliyozeeka? Siku ya nne wakalala ubavu, na siku hiyohiyo papa, baba yangu, akaja kutupa heri ya Pasaka, akaingiza kidole, akamgeuza mmoja, akasema tu kwamba kule kwetu hata mtoto haui samaki asiyemla, akanawa mikono, akaomba njia ya kurudi kwake. Hakula. Alphonsine, mke wangu, alikuwa amepika kuku.

Wenceslas alipopata habari, kioo kimeshakaa kitupu miezi, alicheka mpaka akavua miwani, halafu akanionea huruma akanieleza, kwamba kwenye ule utelezi wa sponji, uleule niliokuwa nausugua, wanaishi vidudu ambavyo jicho halivioni, vya kwanza vinakula sumu ya mikojo ya samaki lakini vinaacha sumu nyingine, ndipo vinakuja vya pili kuila hiyo nyingine, na vya pili ni vivivu, vinataka majuma mengi kuzaliana, na mimi nilikuwa naviua vyote kila asubuhi kwa usafi wangu. Kwa usafi wangu! Basi nikaanza upya, bila samaki, maji ya bomba yaliyokaa siku mbili kwenye beseni ili harufu ya javel, ile dawa ya kusafishia maji, itoke, pampu ya hewa ya kuazima, kipande cha samaki mbichi ndani ya soksi kuukuu kioze taratibu kuvilisha vidudu, nyumba ikanuka juma zima, Alphonsine akahamishia masufuria yake uani, akawaambia wenzake sokoni kwamba wanawake wengine wanalalamika juu ya wanawake wa waume zao, yeye analalamika juu ya maji ya mume wake... ni ya waridi. Hapana. Ni pagne yake nyekundu kiunoni, Alphonsine amepita nyuma yangu kuchukua mwiko, ngoja asogee, haya, imeondoka, haina rangi, au kama haina, yote haya kwa maji ya kutosha kujaza kifuniko cha kalamu ya bic. Siku ya ishirini ilikuwa nyekundu kama sharubati ya grenadine, nikafurahi kwa sababu Wenceslas alisema hiyo ndiyo dalili kwamba vya kwanza vinafanya kazi, nyekundu ni ile sumu nyingine, vya pili vikiimaliza rangi itapotea, lakini ikakaa hivyo, ishirini na tano, thelathini, ikaanza kufifia, juzi waridi nyepesi, jana nyepesi zaidi, na leo nilipanga kupima kwa utulivu, peke yangu, nikitoka salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, nimeosha matope ya mfereji, bila mtu wa kunihesabia pumzi, na ndiyo leo aliyoichagua mzee.

Alisema alipokuwa bado mlangoni, hata kabla ya kupewa kiti, "Nimekuletea samaki ya kuweka ndani ya kioo yako." Basi. Kama mtu anayeleta ndizi. Aliwatoa kijitoni, msituni, peke yake, mtu aliyezoea kuvuta kutoka kwenye nguzo za mitego pale maporomokoni samaki wa kubebwa na watu wawili, ameinama na kikapu cha mtoto kuwinda visamaki vya madoadoa, na magoti yake yale mabovu, nikamtazama miguu nikaona matope mpaka kwenye paja, na hajawahi kuniletea kitu tangu nilipokataa mahali petu pale kwenye maji, nguzo za babu, mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa, zilikuwa zangu, nikampa mdogo wangu René nikaenda kuvaa blouse nyeupe ya laboratoire, koti la maabara, papa hakugombana, angegombana ningepumua, na najua anachofikiri, anafikiri mwanawe alikimbia maji. Sasa amekuja yeye, na mkono mtupu hakuja, na kwetu ukoo mzima unajua, mzee akikuletea samaki unampika siku ileile, naye haondoki kabla hajaona moshi, ukimweka pembeni umemrudishia usoni, hata ungempigia magoti. Hawa si wa kupika lakini sheria ni ileile, atakaa pale na ndoo yake mpaka awaone ndani ya kioo. Na kama vya pili havijamaliza kazi, ndani ya kioo ni sumu, watalala ubavu tena, na safari hii si samaki wa kununua kwa vijana wa gatini, ni wake, wa magoti yake. Alphonsine amenong'ona sasa hivi akipita, tuwaweke tu, mzee afurahi, ale, aondoke, akishapinda kona tuwatoe tuwarudishe kwenye ndoo, saa moja haiwaui... bon, sitamlaumu, nimewaza hivyohivyo tangu alipofunua lile jani, ni rahisi, hata Wenceslas angesema saa moja haiwaui. Lakini kumdanganya mtu yule juu ya maji. Mtu yule! Ningemdanganya juu ya mshahara, juu ya misa, nimeshamdanganya juu ya misa, lakini angeniuliza siku nyingine, yule mwenye doa mkiani anakula? na mimi ningejibu anakula, papa, nikiangalia ukuta, kisha tungeendelea hivyo, yeye akileta, mimi nikificha, mpaka mmoja wetu azikwe.

Dakika ya tatu. Nadhani chini kabisa kuna kitu, kama pumzi ya rangi, au ni kioo chenyewe, hiki kichupa kina umri kupita uhuru wa nchi, ukikiangalia sana kinakupa rangi unayoiogopa... alikuwa haangalii maji, yeye. Papa. Alikuwa anaingiza mguu. Nilikuwa na miaka minane, René nimembeba mgongoni, bado ukungu, maji yalikuwa yanashuka na wanaume wote wa ukoo wamejipanga na vikapu vyao mabegani, zamu ya kwanza tangu mvua, wote na njaa, na papa akashuka peke yake mpaka kwenye jiwe, akazamisha mguu hadi gotini, akasimama. Akasimama tu. René akalia baridi, mimi nikahesabu mpaka mia, nikaanza tena, hakuna mtu aliyemwambia fanya haraka, kisha akapanda akapita mbele yetu akasema, leo hapana. Hivyo tu. Na watu kumi na zaidi wakageuza vikapu wakarudi, tonton mmoja, ndugu ya papa, akafanya mzaha kwamba mke wake atadhani ameachishwa kazi, na mchana tukala sombe, majani ya muhogo matupu, bila kitu ndani, nami nilikasirika kwa njaa mpaka nikaapa nikikua sitakuwa mtu wa kungoja maji. Hakuna aliyeona ametukanwa. Hakuna aliyesema mzee amekataa samaki. Leo hapana maana yake kesho labda, kila mtu alijua, ni neno la kazi, yeye ndiye aliyelisema maisha yake yote, mbele ya watu wenye njaa, na mimi hapa natetemeka kulisema mbele yake, neno lake mwenyewe, mjinga mimi, siku thelathini na nane nimesimama kwenye dirisha hili nikingoja maji yafike, na nani alinifundisha kusimama hivi? Si Wenceslas. Wenceslas hana subira, huacha panya kwangu. Nampenda mzee huyu, nimechoka kumwogopa, basi, ikiwa ya waridi nitapokea ndoo kwa mikono miwili, nitamwambia leo hapana, papa, watalala kwenye maji yako uliyowaletea, kivulini, nitawabadilishia nusu ya maji kila asubuhi, na wewe utakula lituma hapa, ndizi za kutwanga, na ukikasirika utakasirika ukiwa umeshiba. Na ikiwa haina rangi... hapana, hilo usiliwaze, bado.

Kiti kimelia. Amesimama, nasikia magoti, nasikia nyayo zake, labda anaomba njia, labda amechoka, hapana, anakuja huku, jikoni, mzee ambaye hajawahi kuingia jikoni mwa mkwe, Alphonsine ameshusha macho na mwiko mkononi, naye anapita kama hamwoni kwa heshima, amesimama begani kwangu, ananuka moshi na mto, anakiangalia kichupa. Haniulizi kwa nini nimechelewa. Haniulizi samaki wake wataingia lini.

"Maji iko inasema nini?"

Sijawahi kumsikia akimwuliza mtu hilo, si tonton, si René, si padri, ni yeye anayeulizwa, na ameniuliza kwa sauti ndogo, ile ya mtu anayetaka kujua kweli, na mimi naangalia saa, imebaki dakika moja na kidogo, kwenye kichupa kuna rangi au hakuna, siwezi kuapa.

"Bado, papa. Dakika moja. Ikikuwa rose, leo hapana."

Ameitikia kwa kichwa. Ameinama, mkono mmoja kwenye goti, macho yake hayaoni vizuri karibu, nami nasogea kidogo upande apate mwanga.