Mtoto wa Badru Hawezi Kuwa Mtumwa

Siku Mwalimu Elisante alipompa Zuhra sehemu ya mtumwa kwenye igizo la shule, baba yake, Badru, alifunga duka saa nne asubuhi. Kwa asiyemjua Badru, ajue tu kwamba mama yake mzazi alipofariki duka lilifungwa nusu siku, tena mlango mmoja.

Mimi naitwa Josephina, fundi cherehani. Nashonea kwenye baraza la duka lake la vitambaa hapa Kasulu mjini, naye huniita "Muha wangu", utadhani alinipata pamoja na majora. Kwetu ni Heru Juu, kijiji cha hukuhuku Kasulu. Kwao, ukimuuliza, ni pwani. Babu yake alitoka Pangani, basi Badru, aliyezaliwa hapahapa na kunyonyeshwa hapahapa na mama Muha, hasikii Kiha hata neno moja, isipokuwa wateja wakipanga bei kwa Kiha mbele yake. Hapo husikia vizuri sana.

Akitaka kukuthibitishia damu yake ya Uarabuni, huvua saa ya mkononi. "Tazama hapa chini ya saa," husema. "Hii ndiyo rangi yetu yenyewe. Hiyo nyingine ni jua." Jua hilo lilimfuata Zuhra mpaka tumboni mwa mama yake, maana mtoto ni mweusi tititi, mzuri, ana miaka sita, na hana saa ya kuvua.

Sasa huyo mwalimu. Elisante ametoka Kilimanjaro, kijana mwenye bidii, na bidii ikikosa akili ni msiba. Igizo lilikuwa la siku ya wazazi, kuhusu biashara ya utumwa, na mgeni rasmi alikuwa anatoka wilayani. Ili asionekane anapendelea, aliwapanga watoto mstari, akawaambia wanyooshe mikono, akachagua kwa rangi. Weupe wawe mabwana, maji ya kunde wawe wanyapara, weusi wawe watumwa. Ndivyo alivyoanza kuwafundisha watoto ubaya wa kubagua watu kwa rangi.

Nilifuatana na Badru shuleni kwa sababu mimi ndiye niliyepewa kushona mavazi ya igizo. Alifika anavuja jasho.

"Mwalimu, huu ni ubaguzi!"

"Mzee, ni igizo tu."

"Ubaguzi wa rangi, mchana kweupe! Mtoto wangu aburutwe kwa kamba mbele ya mgeni rasmi? Kesho watu watasema ukoo wa Badru ulitoka utumwani!"

Nikadhani atadai watoto wapige kura, au igizo lifutwe. Wapi! Alichodai ni kwamba Zuhra awe bwana. Akaahidi na kitambaa cha nguo zote, mwalimu akalainika. Lukmani, mtoto mweupe aliyekuwa bwana, akashushwa cheo akabebeshwa pembe ya ndovu ya maboksi, na Badru akatoka pale kifua mbele, haki imetendeka. Mkuki kwa nguruwe.

Jioni akamkalisha binti yake barazani amfundishe historia. Nilikuwa nakunja pindo la kanzu ya bwana, masikio wazi.

"Zamani," alianza, "watu walikamatwa ng'ambo ya ziwa, wakavushwa hadi Ujiji, wakatembezwa kwa miguu kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, wamefungwa shingoni. Walionekana si watu kwa sababu ya rangi yao."

"Rangi kama yangu?"

"Yako ni jua," Badru alisema haraka. "Sikiliza. Walinyang'anywa kila kitu. Hata majina. Mtu kwao anaitwa hivi, bwana anamwambia kuanzia leo unaitwa vile."

"Kama dada Siti?"

Mguu wangu ulisimama juu ya pedali.

Siti ni msichana wao wa kazi, Mrundi aliyetoka kambi ya Nyarugusu. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, na yeye kibali hana, akijulikana, anarudishwa. Siku alipofika, Kuruthumu, mke wa Badru, alisema jina lake gumu, linavunja meno, akampachika Siti. Akafundishwa kwamba akiulizwa aseme ametoka Munanila, kijiji cha upande wetu wa mpaka, ni mtoto wa shangazi. Mimi jina lake nalijua tangu asubuhi ya kwanza, maana nilimsalimia kwa Kiha, "Mwakeye," akanijibu kwa Kirundi, tukaelewana bila mkalimani. Wenye nyumba hawakutaka kulijua, nami kwa sasa nitamwita Siti kama wao.

"Ile ni tofauti," alisema Badru. "Siti tumempa jina zuri. Jina la heshima, la pwani."

"Kwani watumwa walipewa majina mabaya?"

"La. Mengine mazuri."

"Sasa?"

"Sasa, Siti analala ndani, anakula anashiba. Mtumwa alikuwa anapigwa."

Zuhra akafikiri. "Mama alimpiga na mwiko."

"Mwiko si kiboko!" Badru akasimama, akamwambia mtoto aende akaoge. Historia ikaishia Tabora, Bagamoyo hatukufika.

Kwenye mazoezi Elisante hakumwandikia bwana maneno, kwa kuwa Zuhra kusoma bado anakokota. Akamwambia, "Wewe sema tu kama bwana anavyosema na mtu wake wa kazi." Zuhra akaitikia, "Nayajua." Mwalimu akafurahi, akahamia kwa wabeba pembe.

Siku ya wazazi Badru alikaa safu ya mbele na suti mpya. Saa ameivua kabisa, mkono kaulaza juu ya goti ili mgeni rasmi auone. Kuruthumu alikuwa pembeni yake, ananukia mpaka jukwaani. Siti hakupewa kiti. Alikaa nyuma kabisa kwenye nyasi, na mdogo wake Zuhra, Saady, mgongoni.

Watumwa waliingia wamefungwa kamba ya katani, mbele yao Nestori, mtoto wa fundi baiskeli. Zuhra akaingia na kanzu yangu inaburuza, fimbo mkononi, kipaza sauti mkono wa pili.

"Unaitwa nani?" akamuuliza Nestori.

"Naitwa Ntibakazi."

"Gumu! Linavunja meno. Kuanzia leo wewe ni Siti."

Watu waliangua kicheko, kwa vile Nestori ni mvulana. Badru naye akacheka, tena kuliko wote. Alikuwa hajang'amua.

"Ukiulizwa, sema umetoka Munanila. Wewe ni mtoto wa shangazi. Ukitaja Nyarugusu utatuletea balaa."

Kicheko kikapungua. Majirani zetu wakaanza kutazamana.

"Kikombe chako ni kile cha plastiki kilichopasuka. Ukigusa vya wageni utanijua. Usikalie kochi, unanuka moshi. Na usinitolee macho! Warundi ndivyo mlivyo, wazito kama magunia."

Sauti ilikuwa ya Kuruthumu mtupu, na mkono kiunoni vilevile. Hakusahau hata ule msonyo wa mwisho. Kuruthumu mwenyewe alivuta mtandio mpaka puani, na Badru aliutia mkono wake mfukoni.

Zuhra akakaa kwenye kiti cha bwana, akanyoosha miguu. "Siti! Maji!"

Nestori, aliyekuwa amesahau kwamba ndiye Siti, akabaki anakuna goti.

"We Siti! Umekufa huko?"

"Abee, mama!"

Haikutoka jukwaani. Ilitoka nyuma, kwenye nyasi. Siti alikuwa amekwisha simama, Saady mgongoni, ameanza na kutembea kuja mbele na uso ule wa mtu aliyeitwa kazini. Ndipo akaona vichwa vyote vimemgeukia.

Hakuna aliyecheka. Mimi, niseme ukweli, nilitamani kumrukia Badru nimkabe kwa tai yake. Zuhra pale jukwaani akaona kuna mtu amekosea, akashusha fimbo, akasema kwa upole, kwa sauti yake mwenyewe sasa:

"Siyo wewe, dada. Wewe kaa. Hili ni igizo la watumwa."

Siti hakukaa. Aligeuka, akamkaza mtoto vizuri kwenye kanga, akatoka getini polepole. Mgeni rasmi alikohoa, akasimama, akausifu sana uhalisia wa igizo, akasema watoto wa Kasulu wana vipaji, kisha akaulizia chakula kiko wapi. Badru alipiga makofi peke yake, makofi makavu ya mtu anayeua mbu.

Jioni ile nilikuwa barazani namalizia zipu ya mteja, Kuruthumu akanijia. Hakukaa.

"Dada Josephina, hivi yule mtoto wa watu anaitwa nani?"

Mwaka wa pili huo msichana anamfulia mpaka nguo za ndani.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia.

"Naona haya."

"Haya ni nzuri. Nenda nayo hivyohivyo."

Hakwenda. Aliyekwenda ni Zuhra, bado yumo ndani ya kanzu. Nilimsikia uani, nyuma ya duka, akiuliza, akijibiwa, akikosea, akirekebishwa, wakirudia wote wawili. Akarudi anakimbia.

"Anaitwa Habonimana! Siyo gumu, mama. Unaanza na Habo."

Badru alikuwa nyuma ya kaunta anakunja kitambaa kilichokwisha kunjwa. "Jina refu hilo," alisema. "Watu watauliza ametoka wapi."

"Wameshaambiwa na mwanao," nikamjibu, "tena kwa kipaza sauti."

Akakifungua kitambaa, akakikunja upya. Kuruthumu akaenda kusimama mlango wa uani, akashika kizingiti.

"Habo..." akakwama.

Uani maji tu yalisikika. Akajaribu tena, likatoka nusu. Akaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza, likatoka lote.

"Habonimana!"

"Ndaje," sauti ikajibu, yaani nakuja.

Wala hakuja. Alikamua shuka mpaka tone la mwisho, akalitundika kambani, akanyoosha pembe moja baada ya nyingine, na Kuruthumu akasimama palepale mlangoni akimsubiri.