Penalti Asiyoikumbuka

"Vua glavu," alisema kocha Komeo, chumbani wakati wa mapumziko.

Kipa alicheka. Glavu ya kushoto alikuwa ameivaa mkono wa kulia, na sasa anahangaika na ya pili. Dakika ya thelathini na tano alijigonga kichwa kwenye nguzo ya goli akiokoa kona. Watu wakampigia makofi, naye akainuka akipepesuka.

"Niko fiti, kocha. Sare tu, tunapanda daraja!"

"Kipa wa akiba ataingia. Vua."

Mwenyekiti wa klabu alisimama mlangoni, amefura. "Komeo, usituletee balaa. Wewe si ulipigwa teke la kichwa, ukabaki golini ukadaka penalti? Mji mzima unaikumbuka!"

"Mji mzima, ndiyo. Mimi siikumbuki!"

Miaka kumi na minne watu wanamnunulia Komeo chai kwa ajili ya penalti hiyo, wanamwigizia alivyoruka, naye anachekacheka kama zuzu. Anachokijua alisimuliwa na mkewe: jioni ile alirudi nyumbani akauliza mama yuko wapi, na mama walishamzika miaka mitatu nyuma. Mkewe alimwambia mara tatu. Mara zote tatu alilia upya.

"Ukimtoa huyu, Jumatatu usije kazini," alisema mwenyekiti.

"Jumatatu mbali, mzee. Nifukuze sasa hivi, ila hutachezea kichwa cha mtu tena!"

Alimvua kipa glavu mwenyewe, kwa nguvu, akamrushia yule wa akiba. Wachezaji wakainamia viatu vyao, wengine wakinung'unika.

"Umenimaliza, kaka," kipa alisema, machozi yakimlenga. "Sitakusamehe."

"Usinisamehe. Twende ukakae, gari la hospitali linakuja."

Kipindi cha pili kilikuwa mbio tupu. Kipa wa akiba alitema mpira mara mbili, na mara zote mabeki wakafagia. Nyuma ya benchi mwenyekiti alikuwa kwenye simu, akitaja jina la kocha mwingine bila hata kupunguza sauti.

Dakika ya sabini, kipa alimgusa Komeo begani. Uso wake ulikuwa mtulivu, hasira yote imemtoka.

"Kocha, mechi inaanza saa ngapi? Mbona hujanipa glavu zangu?"

Mwenyekiti alikatisha maneno, simu ingali sikioni.

"Bado kidogo, mdogo wangu," Komeo alisema. Akamshika mkono, wakaanza kutembea polepole kuelekea getini kusubiri gari la hospitali, huku uwanja mzima ukilipuka kwa kelele za bao.

"Nani kafunga?" kipa aliuliza.

"Sijui. Angalia hatua, hapa kuna ngazi."