Chokaa ya Kumpokea Shemeji

Mjane alikisukuma kitanda cha mama yake kwa mara ya tatu asubuhi ile, na bado tone likamfuata bibi wa watu mpaka shavuni. Stoo yenyewe hatua nne kwa tatu, utakimbilia wapi? Mama akakohoa kikohozi chake cha kuvuta, akajifuta.

"Acha, mwanangu. Huenda linanipenda."

Waliilinda nyumba ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, anayeishi ng'ambo. Miaka mitatu haina mpangaji, na ujira wa ulinzi ulikuwa hiyo stoo ya uani. Leo shemeji angepiga simu ya video, aamue: aiezeke upya au aiache ilivyo. Fundi alishapanda juu akakuta mabati yameliwa na kutu na mbao zimeoza. Mjane alitaka paa tu, kabla masika hayajammaliza mama yake.

Lakini mgeni ni mgeni, hata akija kwa simu. Siku mbili alisugua sakafu na kupaka chokaa, akafunika mpaka madoa ya dari. Ndivyo alivyolelewa.

Simu ilipolia akazunguka nayo chumba kwa chumba, roho juu juu.

"Inua kidogo, shemeji. Mbona dari nyeupe pee?"

"Nimepaka tu, shemeji. Huko juu kumeoza. Fundi alisema—"

"Fundi gani atakwambia nyumba ni nzima? Atakula wapi?" Akacheka. "Naona kwa macho yangu. Hii haihitaji kitu."

"Basi ngoja nikuonyeshe stoo, maji yanavyo—"

"Stoo ni stoo, shemeji. Umeitunza nyumba, Mungu akubariki. Kuna watu wanaitaka hivi hivi ilivyo. Wanaingia Jumamosi."

"Na sisi?"

"Stoo wanaitaka ya mizigo. Hamkosi pa kujishikiza, ninyi ni wenyeji. Hebu nitumie picha yake wakaione. Ila toa kwanza hivyo vitu vyenu."

Alitamani aparuze dari ile kwa kucha mpaka uozo uonekane. Akasema, "Sawa, shemeji."

Alimbeba mama mgongoni, akamkalisha uani juu ya ndoo iliyopinduliwa. Manyunyu yalikuwa hayajakata. Akatoa kitanda, godoro, sufuria mbili. Akapiga picha, akatuma.

Jibu liliingia kabla hajamfunika mama miguu: "Safi sana. Sasa inavutia."