Mtindo wa Nusu Kichwa

Ng'ambo alikokwenda kutafuta maisha, Redio alipata kazi kwa dobi. Pasi yake ilitazama dirisha, na dirisha lilitazama barabara. Mtu mwenye macho yale na mdomo ule ungempa kazi gani nyingine? Jina la Redio alipewa kwao, saluni, alikoshinda hata siku asizosuka, kwa kuwa mtaani jambo halikuwa limetokea mpaka yeye alitangaze.

Basi akawa anapiga pasi huku anatangaza. Simu kaiegemeza kwenye chupa ya maji, sauti anazituma moja baada ya nyingine, na kule kwao wanazima feni wamsikie vizuri.

"Jamani, vijana wa huku wanapaka nywele mvi. Wanalipia. Vikongwe ndio wanaopaka nyeusi. Leo imeletwa suruali magoti yote nje. Nikauliza niishone, bosi akanidaka mkono kama mwizi. Eti matundu ndiyo bei yenyewe. Basi nimeyapiga pasi, matundu, yamenyooka."

Saluni inacheka mpaka msusi anapotea njia kichwani mwa mteja.

Mambo yakaharibika siku Redio alipokwenda kupunguza nywele zake mwenyewe. Kinyozi wa jirani alikuwa mkarimu, ila nywele za kipilipili hakuwahi kuzishika tangu azaliwe. Akapitisha mashine upande wa kushoto, akaona alichokifanya, akasimama. Kichwa kikabaki upande msitu, upande uwanja wa mpira. Redio alirudi nyumbani kajifunga mtandio hadi kwenye nyusi.

Jioni saluni ikataka kumwona. Aliyewacheka walimwengu mwaka mzima ataanzia wapi kuchekwa yeye? Akavua mtandio, akainua kidevu, akajipiga picha, akawatumia. "Ndiyo inayotamba huku. Nusu kichwa. Mkichelewa, shauri yenu."

Hakucheka mtu. Yeye akashukuru, akalala.

Mdogo wake alikuwa anaolewa wiki ileile, na Redio ruhusa hakupata. Asubuhi ya harusi akapiga simu ya video akiwa palepale kwenye pasi, ampe heri zake. Akamkuta bibi harusi kwenye kiti, shuka shingoni, msusi kashika mashine, na nywele ambazo mama yao alizilea kwa mafuta na maombi zimegawanywa katikati.

"Dada, umewahi. Hebu vua huo mtandio, geuka tuone: mstari unapita juu ya sikio au nyuma yake?"

Redio akaiweka pasi chini. "Mdogo wangu, shuka kwenye kiti. Ule si mtindo. Kinyozi aliniharibu, nikaona aibu kusema."

Msusi akawageukia wenzake. "Mmemsikia? Hataki mdogo wake afanane naye."

"Hata siku yangu, dada?" Bibi harusi alisema polepole. "Hata leo unanionea wivu?"

"Haki ya Mungu, niliharibiwa."

"Aliyeharibiwa anainua kidevu vile?"

Redio akalia, na chozi nalo wakalitilia shaka. Mashine ikawashwa, ikaanza kunguruma. Hapo akawakumbuka watu wake, maana na yeye ni mmoja wao: ukweli hauwatishi, kinachowatisha ni kuachwa nyuma.

Akafuta macho kwa shati la mteja. "Haya, nyoeni tu. Nilikuwa naogopa kuwaambia kwamba mtindo huo umeshapitwa. Siku hizi huku wanaonyolewa hivyo ni mbwa."

Mashine ikazimwa.

"Umepitwa lini?" msusi akauliza.

"Jana. Mnadhani huu mtandio nimejifunga kwa baridi?"

"Sasa wanafanyaje?"

"Wanaziacha zote. Zinapakwa mafuta, zinachanwa, zinabanwa nyuma. Vile alivyokuwa akituchana mama."

Bibi harusi alishuka kwenye kiti bila kungoja shuka ifunguliwe. "Ona mlivyotaka kunitia aibu," akamwambia msusi.

Redio akashusha pumzi. Hakujua kuwa msusi, kwa kuwa mtindo ulikuwa mgeni mkononi, alishajaribia kwa mtu mwingine kwanza. Pazia la nyuma likafunguka, akatoka shangazi yao. Upande wa kushoto kipara kinang'aa, hereni mpya inaning'inia, na mwendo ni wa mtu aliyeona kioo kikamkubali.

"Redio, mwanangu, nitazame. Nimekuwa wa ng'ambo, sijawa?"

Watu wote wakaigeukia simu, wakingoja atangaze.

"Shangazi," Redio akasema, "ukija huku hivyo, kila mtu atakuuliza umenyoa wapi."