Ng'ombe wa Mkwe

Mayala hakuacha wosia. Kaka yake, Nkwabi, alimsihi mara nyingi aandike japo karatasi moja, naye akawa anacheka tu: "Unanichuria, bwana! Ng'ombe wangu wanajijua." Alipoanguka ghafla akitoka mnadani, akafa kabla ya kufikishwa hospitali Ushirombo, waliobaki walijua machache sana kuhusu mali yake. Na aliyejua machache kuliko wote alikuwa mke wake mkubwa, Martina, kwa sababu miaka yote ile macho yake hayakuwa zizini. Yalikuwa Buseresere, kwa Nelly, mwanamke wa pili wa Mayala.

Mungu amsamehe, alimwonea wivu Nelly hata msibani. Nelly akilia, Martina aliona analia kwa madoido. Akinyamaza, aliona hana uchungu. Wakati wa kuaga mwili Nelly aliinama akamwekea marehemu kola ya shati vizuri, kwa mkono uliozoea. Martina hakuwa amejua kwamba Mayala alipenda kola ikae vile.

"Huyu hataambulia hata mkia," alijiapiza.

Kikao cha ukoo kilipokaa kupendekeza msimamizi wa mirathi, Martina aliitaka kazi hiyo kwa nguvu zote. Alidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba msimamizi ndiye mwenye mali.

"Shemeji, huo ni mzigo, si zawadi," Nkwabi alimwambia. "Na yule wa Buseresere mbona hajaitwa?"

"Aitwe kama nani? Hawara anaitwa kwenye kikao?"

Wazee wakatazamana. Wake wote wawili, ilisemekana, waliolewa kwa ng'ombe. Lakini mahari ya Nelly Mayala aliipeleka na rafiki zake wa mnadani, ndugu hawakwenda. Hakuna aliyeinuka akasema aliiona kwa macho. Basi ukoo ukampitisha Martina, naye akaenda mahakama ya mwanzo na muhtasari wa kikao na cheti cha kifo, akaapa kwamba marehemu alikuwa na mke mmoja. Tangazo likabandikwa ubaoni, likakaa siku zake zote bila mtu kupinga. Nelly alikuwa Buseresere. Nani angemsomea ubao wa huku?

"Msimamizi si mrithi," hakimu alimwonya siku ya kumteua. "Kusanya mali, lipa madeni, wape warithi haki yao, kisha urudi hapa utoe hesabu."

Katika yote hayo Martina alisikia neno moja tu: kusanya.

Lakini kwa wafugaji wa huku zizi lililojaa halimaanishi utajiri. Mtu huwagawa ng'ombe wake kwa watu anaowaamini, ili ugonjwa mmoja usiwamalize wote na jicho la jirani lisiwahesabu. Anayewachunga hunywa maziwa, mwenyewe hunyamaza. Maziwa Martina aliyakamua miaka yote hiyo, ila kuuliza ng'ombe ni wa nani hakuuliza, maana akili yake ilikuwa ikiuliza mume kalala wapi. Habari za mirathi zilipoenea, wenye ng'ombe wakaanza kuja na mashahidi wao. Huyu akamchukua mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, yule akaswaga majike na ndama wao, na Nkwabi kila mara akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mwishowe likabaki zizi na samadi.

"Wa Mayala wako wapi?" Martina aliuliza.

"Wako kwa Mzee Maige."

"Maige yupi?"

"Baba yake Nelly, shemeji. Wote wako kule."

Martina alikaa chini palepale. Watoto walidhani analilia ng'ombe. Kumbe alikuwa akiwaza kwamba hata ng'ombe, viumbe wasiosema, Mayala aliwapeleka kule kule alikoupeleka moyo wake.

Mahakama ikamwita Mzee Maige. Akaja na binti yake, akavua kofia.

"Mheshimiwa, mimi si mwizi. Ng'ombe ninaowachunga ni wa mkwe wangu. Lakini nasikia hapa mmeapiwa kwamba binti yangu hakuolewa. Sasa kama sina mkwe, ng'ombe wa mkwe nitawatoa wapi?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka.

"Msimamizi," alisema, "uliapa mke ni mmoja. Kama kuna la kusahihisha, lisahihishe sasa."

Martina aliwatazama wanawe kwenye benchi, kisha akamtazama Nelly. Alikuwa bado mzuri, hata katika nguo za msiba, na hilo nalo lilimuuma.

"Ni mke," alisema. "Ni mke mwenzangu."

"Kusema hakutoshi. Upande wa mume nani alishuhudia mahari ikipokelewa?"

Nkwabi aliinamisha kichwa. Siku ile yeye alikuwa kwenye mashimo ya dhahabu Geita.

"Mimi," alisema Martina.

Nkwabi akageuka kama aliyeguswa na moto.

"Niliwaaga watoto kwamba naenda hospitali. Nikapanda basi, nikajifunika khanga, nikasimama kwenye mahindi ya jirani wa Mzee Maige. Manyunyu yalikuwa yakidondoka. Walianza kumwingiza dume jeusi lenye tumbo jeupe. Akafuata jike la kijivu, akakataa mlango, wakamvuta sikio."

"Ndiyo," alisema Mzee Maige taratibu. "Ndiye huyo."

Martina alimtaja kila ng'ombe kwa rangi yake, na mzee akaitikia kila mmoja. Alieleza Nelly alivaa kitenge cha njano, na nani alimshika mkono kumtoa ndani. Miaka yote ile hakusahau hata kimoja. Kila usiku wa upweke alikuwa ameyapitia yote upya.

"Nelly alipotoka, mume wangu akacheka," alisema. "Alicheka mpaka akashika magoti. Mimi hakuwahi kunichekea vile, mheshimiwa. Andika na hilo."

Hakimu aliandika. Kisha akaandika jina la Nelly miongoni mwa wake wa marehemu, akamwagiza Mzee Maige awalete ng'ombe wa mkwe wake.