Kipande Kilichozama

Kila asubuhi, kabla shangazi hajawasha tanuri la mikate, mimi huchambua kuni. Nakwangua gome kwa ukucha, nanusa, kisha natenga: mkaratusi kando, maana harufu yake huingia kwenye mkate; mwembe ndani. Muuza kuni husimama pembeni akiegemea mkokoteni wake, na hakosi kipande kimoja cha ajabu cha kuniuliza.

"Na hiki, mwalimu?"

"Mkorosho."

"Kumbe!"

Shangazi hucheka kutoka ndani. "Muuza kuni asiyejua miti! Huwa unakata umefumba macho?"

Leo alishusha mzigo akaondoka haraka, akasema atarudi kuchukua kamba zake. Katikati ya mzigo mkono wangu ukagusa kipande kizito kupita kiasi. Kilikuwa kimepasuka, ndani cheusi tii. Nikakitumbukiza kwenye ndoo. Kikazama kama jiwe.

Mpingo. Chuo cha misitu tulifundishwa: asiye na kibali asiuguse.

"Shangazi, huu ni mpingo. Inabidi niwaambie watu wa misitu."

"Basi nenda. Mbona umesimama?"

Sikwenda. Wala kukaa sikuweza. Nikafagia palipokwisha kufagiwa. Nikasahau trei moja ndani ya tanuri, mikate ikawa mkaa. Nikatoka hadi barabarani, nikarudi, nikatoka tena. Akilini nilimwona muuza kuni akikamatwa, mkokoteni wake ukivutwa na askari.

"Utachimba handaki hapo mlangoni," shangazi akasema. "Unawaza kuni au mwenye kuni?"

Nikainama kama natafuta ufagio.

Muuza kuni aliporudi kuchukua kamba, nilikuwa nimekikumbatia kile kipande, gauni limelowa.

"Huu umeukata wapi?"

"Sijaukata."

"Usinidanganye, tafadhali."

"Kigeuze."

Nikakigeuza. Mgongo wake ulikuwa laini, unang'aa kwa viganja vya miaka mingi. Ncha yake ya mviringo. Mchi wa kinu. Mimi nilikuwa nimekodolea macho ule weusi wa ndani tu.

"Ulikuwa wa bibi yangu," akasema. "Ulipasuka, mwenyewe akaniambia nikauchome. Nikaona, huu utamchukua mwalimu muda kuutambua."

"Kwa nini unichukue muda?"

Akajikuna kisogo. "Mwembe unautambua haraka mno. Hata salamu sijamaliza, umeshaingia ndani."

Uso ukaniwaka kuliko tanuri. Asubuhi zote zile, vipande vyote vile, nami nilikuwa nikimjibu majina ya miti!

"Kesho..." nikaanza.

"Nilete kuni gani?"

"Usilete."

"Heh! Na mikate niianike juani?" shangazi akadakia.

Siku nyingine ningekimbilia ndani. Nikaushika ule mchi kwa mikono miwili.

"Lete au usilete," nikasema, "mimi nakungoja wewe, sizingoji kuni."