Damu ya Emna

Katika maabara yetu ya Sfax, tunapochunguza damu ya mgonjwa, huwa tunaweka pembeni yake damu ya mtu mwenye afya ili tulinganishe. Mara nyingi hutoa mmoja wetu. Safari hii mwenzangu Emna alikunja mkono wa nguo yake akicheka.

"Chukua yangu, shoga. Mimi ni chuma."

Mgonjwa mwenyewe ni mtoto, mdogo wa Ridha, na Ridha ndiye mchumba wa Emna. Misuli yake inakufa taratibu kwa kasoro ya kurithi. Ridha anabeba kasoro hiyo bila kuugua, na Emna analijua hilo. Hakuogopa, kwa kuwa mtoto huugua pale tu wazazi wote wawili wanapoibeba, na kwao Emna ni mbali, Bizerte, wala yeye na Ridha hawana undugu.

Leo majibu yametoka. Kasoro ile ile imo kwenye damu ya Emna.

Aliingia mikono imejaa hina, kabeba sahani ya vitamu vya baklawa. Harusi ni Jumamosi.

"Mbona umenuna? Au umeniharibia damu yangu, mvivu wewe?"

"Nitarudia kipimo," nilisema, nikitazama sakafu.

Aliweka sahani, akanisogeza, akainama mbele ya kompyuta. Kusoma majibu kama hayo ndiyo kazi yake. Sikuweza kumficha.

Kisha akaketi kwenye kiti cha kutolea damu.

"Rudia," alisema kwa sauti ndogo. "Chukua mkono huu mwingine."